Usimuulize mtu "wewe ni nani?"

Juzi mdogo wangu mmoja, msanii wa Ilemela, Mwanza, kaniandikia: "Kaka, nimeweka ubao na kalamu njiani ili watu waandike, wanapita tu. Nimekosea wapi?" Nilimjibu usiku uleule, maana kidonda hicho nakijua.

Mwaka jana nami niliweka ubao Kirumba, jirani na soko la Mwaloni. Nilikuwa nimesoma habari za msanii Candy Chang, aliyegeuza ukuta wa nyumba iliyotelekezwa kule New Orleans kuwa ubao wa chaki mwaka 2011, wapita njia wakajaza wanachotaka kufanya kabla hawajafa. Mimi nikaandika "Wewe ni nani?" Siku mbili, kalamu haikuguswa. Mama mmoja aliuliza kama tunaandikisha watu wa mkopo. Ofisi niliyoiomba msaada ikasema hii si sanaa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nikabadilisha. Nikatandaza kitambaa cha marikani, nikachora Ziwa Victoria kwa mkaa: Ukerewe, Ukara, Sengerema, Musoma, Bukoba. Pembeni nyuzi na sindano za kushonea nyavu. Swali moja tu: "Ukifa, unazikwa wapi?"

Watu wakajaa! Muuza dagaa mmoja alifunga uzi Kirumba, akauvuta kuelekea Ukara, akasita. "Ukara ni kwa baba. Wanangu wote wamezaliwa Igogo. Wakinipeleka kule, nani atapalilia kaburi?" Mzee mmoja akadakia: "Hata mimi mnaniita Msukuma. Sukuma ni kaskazini, jina tulilopewa na wenzetu wa kusini. Umetaja upande, hujataja kwetu." Wakabishana mpaka dagaa wakaanuliwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliza jambo ambalo mtu amewahi kuligombania na ndugu zake msibani. Mpe kifaa ambacho mkono wake umekizoea. Kalamu inamtisha aliyeachia shule njiani, sindano ya nyavu haimtishi. Halafu kaa pale. Kaa! Wasanii tumezoea kupiga picha na kuondoka, kana kwamba watu ni mapambo ya kazi zetu. Anayekufungulia habari ya kaburi lake anastahili kukukuta kesho yake.

Yule mama muuza dagaa hakufika Ukara; uzi wake unaning'inia katikati ya maji. Wiki iliyopita nilimpelekea marikani ile aumalizie. Aliitazama kitambo, akaikunja, akanirudishia: "Uache hapohapo kwanza."