Shika viungo vya mgonjwa kabla hujaandika kipimo

Wadogo zangu mliopangiwa OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje) mwezi huu, nawapenda, lakini hili la "mgonjwa anaumwa viungo vyote, apimwe gauti" (ugonjwa wa asidi ya yuriki kuganda kwenye viungo) limenichosha. Jana nimeliona tena.

1. Bonyeza kiungo kimoja kimoja, kuanzia vifundo vya vidole vya mikono hadi vya miguu. Kuumwa ni kitu kimoja na kuvimba ni kingine, na mgonjwa hawezi kukutofautishia.

2. Mwulize akiamka anajisikiaje. Anayekakamaa nusu saa au zaidi, kisha akalegea kadiri anavyofanya kazi, mfikirie baridi yabisi, yaani kinga ya mwili kushambulia viungo. Anayeumwa zaidi akitembea na kupata nafuu akikaa, mara nyingi ni viungo kusagika.

Kuna mama mmoja, fundi cherehani, bado kijana, alitufikia na faili nene. Kila ukurasa ni yaleyale: asidi ya yuriki imepanda kidogo, apewe diklofenaki ya maumivu, aache nyama na maharage. Akaacha kweli. Akakonda, na vidole vikazidi kuvimba, kulia na kushoto sawasawa. Faili zima halina mstari unaosema kuna mtu aliyemshika mikono! Mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni nadra kuugua gauti. Yuriki kupanda peke yake si gauti, na gauti ikiwa imewaka kabisa kipimo kinaweza kusoma kawaida. Kumbe ilikuwa baridi yabisi, na alipofika kwetu vidole vilikuwa vimeshalala kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Alitoa sindano mkobani atuonyeshe anavyohangaika kutunga uzi. Uzi ulipita pembeni, ukapita tena pembeni, akairudisha sindano mkobani bila kusema neno. Angeanzishiwa methotreksati, dawa ya kuizuia baridi yabisi, mapema (mara moja kwa wiki, jamani, si kila siku!) huenda vidole vile vingepona. Inaniuma mpaka leo.

3. Yameanza lini? Homa ya ghafla na viungo vyote ndani ya siku chache, kumbuka chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Ilijulikana kwanza huku kwetu kusini, kwa Wamakonde, mwaka 1952, na mwaka 2004 ikazisumbua Lamu na Mombasa. Malaria ikiwa hasi, usimpe dawa ya malaria "kwa tahadhari". Mweleze kwamba maumivu yanaweza kuendelea kwa miezi.

4. Mtoto ambaye maumivu yanahama kutoka goti kwenda kifundo, msikilize moyo, maana inaweza kuwa homa ya rumatiki inayodhuru moyo, na siko seli usiisahau. Binti mwenye vidonda mdomoni na nywele zinazonyonyoka, pima protini kwenye mkojo, inaweza kuwa lupasi, ambapo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Mnywaji wa maziwa mabichi, fikiria brusela, maambukizi yatokayo kwa mifugo. Aliye kwenye dawa za TB, itazame pirazinamidi, mojawapo ya dawa hizo, maana hupandisha yuriki. VVU na homa ya ini B pima, nazo huumiza viungo.

5. Mwambie alete pakiti za dawa alizonunua dukani. Wengi wanameza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, bila kujua jina lake, uvimbe unashuka, nawe unashika kiungo kilichotulia unaandika "hana tatizo". Wala usimwachishe ghafla kama ameitumia muda mrefu.