Taarabuni nitunze, au nikae tu?

SWALI: Asalaam alaykum Bi Mkubwa. Kwetu Mbagala, nimeolewa Unguja. Sikukuu hii mawifi wamenikatia tiketi ya taarab asilia, na wameshaanza kuulizana nani atatunza, yaani kumpa mwimbaji pesa, kwenye wimbo gani. Mimi nimezoea rusharoho, ile taarab ya kisasa, watu wanacheza mpaka kunakucha. Nisipotunza nitaonekana bahili? Na hizo pesa zinamfaa nani?
— Bi Harusi Mgeni, Mwanakwerekwe

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Tiketi imeshalipwa, kwa hivyo deni huna. Lakini nakujua: wifi mmoja akinyanyuka na mkwanja wake, na wewe utataka kunyanyuka. Basi nyanyuka kwa adabu.

Chenji pesa mapema, noti za elfu na elfu mbili. Ikipigwa bashraf, muziki wa ala tupu wa kufungulia, tulia. Hapo hakuna anayeimba, utamtunza nani? Ngoja ubeti ukukolee. Nenda taratibu, noti iwe juu ya vidole ionekane, mpe mwimbaji mkononi, upite pembeni urudi. Usimzibe kipaza sauti wala usimsemeshe, anaimba yule.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo litakalokuponza. Noti inasema. Ukinyanyuka kwenye ubeti wa mahaba, mumeo atafurahi na hadithi imekwisha. Ukinyanyuka kwenye kijembe cha jirani mnafiki, kuna mtu safu ya tatu atajua ameambiwa yeye, na kesho utaulizwa. Mgeni hujui nani kagombana na nani ukoo huo. Kijembe kikija, kaa kitako hata mkono ukuwashe. Mambo haya hayakuanza na rusharoho: zamani vyama vya taarab vya wanawake hapa mjini, kina Royal Air Force na Royal Navy, vilikuwa vikipashana hadharani, na mashabiki nyuma yao wakichangia mpaka nguo za sare.

Pesa? Kila kundi na utaratibu wake. Pengine hubaki kwa mwimbaji, pengine huingia mfuko wa kundi. Ndiyo maana mpiga ganuni namwonea huruma: hatunzwi yeye, na chombo chake kina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Moja ikilegea, sote tunasikia. Vilabu vyetu vya taarab ni vya siku nyingi, Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na wapigaji wengi wana kazi zao nyingine za kuwalisha. Ukitaka pesa yako iende kwenye nyuzi, mtafute katibu wa klabu umpe mkononi, useme ni ya nyuzi.

Mimi lakini, kuliko noti zote za Idi, napenda mtu anayekuja usiku usio na sikukuu, ukumbi nusu mtupu. DCMA (Dhow Countries Music Academy), chuo cha muziki cha hapa Unguja kilichoanza 2002, kimetoa vijana wanaopiga udi na fidla vizuri kabisa, wasichana wamo. Hao wanahitaji masikio. Wachukue mawifi zako mwende, kiingilio mtoe wenyewe, na msinyanyuke kuondoka akishamaliza mwimbaji mnayemjua.

Na simu, tafadhali. Usirekodi umesimama mbele ya wapiga fidla. Tuliokaa nyuma tumelipa vilevile.