Uliza Anko: William Taylor wako tisa, wetu ni yupi?

Barua za safari hii nyingi ni za kutafuta ukoo Uingereza, sijui ndo baridi imewafungia ndani au watoto wamepewa homuweki ya shule. Nimechagua tatu, na ya kwanza nitaijibu kwa urefu maana wengi naona mmekwama palepale.

SWALI: Shikamoo Anko. Mi Mtanzania naishi Leeds, mume wangu ni wa hukuhuku Yorkshire, na watoto wanataka kujua ukoo wa baba yao, maana wa kwangu bibi yao wa Tanga kashawakaririsha wote. Nimerudi nyuma na sensa moja moja kuanzia 1911 mpaka 1841 vizuri tu, hapo nikagonga mwamba. Babu yao anaitwa William Taylor. Sensa ya 1841 inasema ana miaka 25, ya 1851 inasema 38 na kazaliwa Halifax, sasa sijui nani muongo. Nikitafuta ubatizo wake napata William Taylor tisa. Kuna mtu kwenye intaneti ana mti wa ukoo ameshachagua mmoja, je niuchukue tu? – Mke wa Mwingereza, Leeds

JIBU: Marahaba mama, msalimie shemeji. Huo mti usiuchukue, walau sio leo. Miti ya kwenye intaneti mingi mtu mmoja kakosea na mia wamekopi, na wingi wao unakudanganya kwamba wote wamehakikisha.

Kwanza hakuna muongo hapo. Sensa ya 1841 watu wa zaidi ya miaka 15 walitakiwa waandikwe umri ulioshushwa mpaka kwenye tano iliyo chini yake, kwa hiyo 25 ni mtu wa 25 hadi 29. Ya 1851 ndo iliandika umri wenyewe, uhusiano na mwenye nyumba, na parokia aliyozaliwa mtu, ile ya kabla yake inakwambia tu kazaliwa kaunti hiyohiyo au la. Basi wako kazaliwa kama 1812 au 1813, na umri wenyewe usiushikilie sana, watu walikuwa wanakadiria kama bibi zetu tu.

Sasa Halifax. Hapa ndo wengi wanapotea. Ukiiona kwenye sensa unafikiria mji, lakini parokia ya Halifax ya zamani ilikuwa moja ya parokia kubwa kabisa Uingereza, ndani yake kuna Elland, kuna Heptonstall, kuna vijiji vya wafumaji vimetapakaa milimani na makanisa yake madogo, na mtu wa huko akiulizwa kwao wapi anajibu Halifax tu, kama mtu wa Muheza akiwa Dar anavyosema katoka Tanga. Halafu eneo lile lilijaa Wamethodisti na Wabaptisti na wengine waliojitenga na Anglikana, hao rejista zao za ubatizo zilikusanywa na serikali baada ya 1837 na sasa ziko kwenye nyaraka za taifa kule Kew, London, fungu linaitwa RG 4. Kwa hiyo hao tisa wako inawezekana wote sio, wa kumi yuko kwenye kanisa ambalo hujafungua.

Kwa hiyo acha kutafuta jina, jina Taylor kule ni kama Juma huku kwetu. Mtafute William na watu waliomzunguka. Anza na mke. Nenda kwenye indeksi ya GRO yenyewe, ile ya ofisi kuu ya usajili, tafuta watoto wao waliozaliwa baada ya 1 Julai 1837 ambapo usajili ulianza England na Wales. Indeksi hiyo inakuonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa tangu mwanzo kabisa, wakati ile ya zamani ambayo FreeBMD, tovuti ya bure ya vizazi, ndoa na vifo, wameinakili haina kitu hicho mpaka 1911. Ukishapata ukoo wa mama, nenda FreeBMD utafute ndoa ya Taylor na huyo bibie, ni bure. Ukiipata kama ni baada ya Julai 1837 hapo ndo utoe hela ununue cheti, usinunue vyeti kwa kubahatisha utafilisika. Cheti cha ndoa kina jina la baba wa bwana harusi na kazi yake. Umri usishangae ukikuta wameandika tu ni mtu mzima, maana yake katimiza 21, basi.

Ukishajua tuseme baba ni John na ni mfumaji, orodhesha ma-William wote wenye baba John, wa Anglikana na wa makanisa mengine, kuanzia 1808 mpaka 1818, halafu kazi yako ni kuwaondoa. Ndio, kuwaondoa. Kuanzia 1813 fomu ya ubatizo ilikuwa imechapishwa, ina kazi ya baba na mahali wanapoishi, hapo wapo watakaotoka haraka, yule mtoto wa muuza nyama kwaheri. Waliobaki fungua rejista za maziko uone nani alifariki mdogo. Hii hatua watu wanairuka na mimi niliiruka. Ukoo wa mke wangu ni wa Norfolk, nikamfuata John mmoja miezi minane, nikampata baba yake na babu yake na wosia wa babu yake, siku moja naangalia maziko ya mtu mwingine kabisa namkuta John wangu kazikwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne nimempa mke na watoto saba! Na kumbe wazazi walikuwa wanampa mtoto anayefuata jina lilelile la marehemu, kwa hiyo ukikuta William wawili nyumba moja sio makosa ya karani.

Aliyebaki mfuate kwenye sensa ya 1851, kama yupo mwingine wa umri uleule aliyezaliwa kijiji kilekile basi hujamaliza. Angalia na mashahidi kwenye cheti cha ndoa, majirani, bibi mzee aliyekaa kwao siku ya sensa. Ila kuwa makini, wakiandika mama mkwe wakati ule inaweza kuwa mama wa kambo.

Na kama baba wa William alikuwa fukara, we shukuru. Parokia ilikuwa inamsaidia maskini wa kwake tu, akija wa kutoka kwingine wanamweka kitako na kumhoji kwa kiapo kazaliwa wapi, kafanya kazi kwa nani, kaoa lini, na yakiandikwa hayo yamebaki. Uko Leeds, Wakefield si mbali, piga simu kwenye nyumba ya nyaraka ya West Yorkshire uulize wana nini cha maskini wa vijiji vile kabla hujafunga safari, maana tajiri anaacha wosia lakini maskini anaacha maisha yake yote kwenye karatasi moja.

SWALI: Anko, mama yangu kazaliwa Kongwa 1950, baba yake Mzungu wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, karudi kwao mradi ulipokufa na hakuandika tena. Tuna jina lake kamili na picha moja. Pa kuanzia ni wapi? – Mjukuu wa Kongwa, Dodoma

JIBU: Pole kwa mama. Mradi ule ulianza 1947 na ukaachwa 1951, na hiyo ni bahati kwako, maana orodha za abiria wa meli waliotoka Uingereza kwenda mbali zimehifadhiwa kuanzia 1890 hadi 1960, tovuti ya ukoo ya Findmypast wanazo, zinaonyesha umri, kazi na anwani ya mwisho aliyoishi Uingereza. Hiyo anwani ndo dhahabu. Za waliorudi ziko Ancestry, tovuti nyingine ya ukoo. Kama alikuja kwa ndege hutamkuta humo. Ukipata umri jaribu rejista ya 29 Septemba 1939, ile orodha ya wakazi iliyoandikwa vita ilipoanza, ina tarehe kamili ya kuzaliwa, ila kama wakati huo alikuwa kambini jeshini hayumo, na wengi wamefichwa mpaka ithibitishwe wamefariki au miaka 100 ipite tangu kuzaliwa. Mama naye apime DNA kama yuko hai na yuko radhi, yeye na sio wewe, anabeba nusu ya damu ya baba yake, we una robo tu. Akitokea ndugu, barua ya kwanza iwe fupi na ya heshima, usianze na mali wala lawama, huko nako kuna mjane au watoto ambao huenda hawajawahi kuambiwa kitu.

SWALI: Nimekuta bibi wa ukoo wa mume wangu, Wiltshire, kaolewa Mei 1735 na mtoto kabatizwa Februari 1735. Mume kanuna, anasema bibi aliolewa na mtoto mkononi. – Asiyetaka jina, Bristol

JIBU: Mwambie aache kununa. Kabla ya 1752 mwaka England ulikuwa unaanza 25 Machi, sio Januari, kwa hiyo Februari 1735 ya kwenye rejista inakuja baada ya Mei 1735, sisi leo tungeiita 1736. Sio ajabu hivyo, Makunduchi nao wana mwaka wao wanauchoma Julai na hakuna anayewanunia. Ndoa Mei, ubatizo Februari, ahesabu mwenyewe kwa vidole, miezi tisa, halafu amuombe bibi msamaha.