Kwa nini filamu za anga za juu hupigiwa fidla na tarumbeta?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninapenda sana muziki wa filamu za kubuni za sayansi, lakini sielewi kwa nini hadithi za sayari za mbali husindikizwa na ala za kale badala ya mitambo ya kielektroniki. – Msomaji, Chamwino, Dodoma.

JIBU: Marahaba. Njia ya kielektroniki ilijaribiwa mapema, kwani muziki wote wa filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956 ulitengenezwa kwa mitambo. Hata hivyo, John Williams, alipoutunga muziki wa Star Wars uliopigwa mwaka 1977 na London Symphony Orchestra, yaani okestra (kundi kubwa la wapiga ala kama fidla na tarumbeta), aliona kwamba macho yanayoonyeshwa viumbe wasiojulikana yanahitaji kusaidiwa na masikio yanayosikia hisia zinazofahamika. Ndiyo maana wahusika wakuu wana vipande vyao vya muziki, kama katika opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) za mtunzi Mjerumani Richard Wagner, nawe humtambua mhusika kabla hajaonekana. (Kwetu Ugogoni, zeze hufanya kazi hiyo ya kugusa moyo kwa nyuzi chache tu.)

Binafsi ninampenda zaidi mtunzi Jerry Goldsmith, ambaye katika filamu ya Star Trek ya mwaka 1979 aliiunganisha okestra na ala ya umeme yenye nyuzi ndefu zilizotandazwa juu ya boriti ya metali, ikatoa mngurumo mzito wa kutisha. Wimbo wake mkuu ulirudi mwaka 1987 kufungua mfululizo wa televisheni wa Star Trek: The Next Generation. Usikilize kwa spika nzuri, usiku kukiwa kimya, uyafuate matarumbeta.