AFL hawapigi bahati nasibu
Je, AFL hupiga bahati nasibu kupanga zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya (drafti)? Hapana, hiyo ya bahati nasibu ni ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. AFL, ligi ya kandanda ya Kiaustralia, wanapindua tu msimamo wa ligi: wa mkiani anachagua wa kwanza. Walioingia mtoano wanapangwa kwa hatua waliyotolewa, na bingwa ndiye wa mwisho kabisa. Mwaka 2023 West Coast walishika mkia, wakamchukua Harley Reid.

Ila klabu hubadilishana zamu. 2022 North Melbourne ndio walioburuta mkia, lakini zamu ya kwanza ilitumiwa na GWS (Greater Western Sydney). Halafu kuna sheria inayoipa klabu kipaumbele cha kumchukua mtoto wa mchezaji wake wa zamani: Collingwood walimpata Nick Daicos hivyo 2021, kwa kulipia pointi (kila zamu ina thamani yake ya pointi) baada ya Gold Coast kumtaka.