Tsoureki ukitoka mzito, usikimbilie hamira

SWALI: Niko Athens, namtunza bibi wa Kigiriki. Pasaka imekaribia na anataka tsoureki, ule mkate mtamu wa Pasaka wa Kigiriki, wa nyumbani, si wa dukani. Binti yake ameniachia mashine ya kuoka mikate. Nimejaribu mara mbili kwa programu ya mikate mitamu: mkate unatoka mzito, katikati umeshikana, pembeni umeungua. Nimeshauriwa nitie pakiti mbili za hamira badala ya moja, na niongeze unga kwa kuwa kinyunya kinanata. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, dada yangu. Usiongeze hamira, wala unga.

Kila Kwaresima naletewa swali hili, na kila mara ushauri ni uleule: mkate haukuumuka, zidisha hamira. Hamira yako haikupungua, ina kiu. Katika gramu 500 za unga, tsoureki hubeba sukari gramu 120 hivi, siagi gramu 100 na mayai mawili. Sukari hiyo yote huvuta maji na kuinyima hamira, nayo siagi huchelewesha unga kushikana. Kinyunya cha namna hii huumuka polepole, ndivyo kilivyo. Gramu 8 hadi 10 za hamira kavu zinatosha kabisa. Ukitia maradufu kitapanda haraka, ni kweli, lakini utanusa pombe mahali pa mahlepi, na kesho yake mkate umekauka na unapukutika. Mahlepi, kile kiungo cha kokwa ya cheri pori, si rahisi kwa bei; mastiha, ule utomvu mkavu wenye harufu wa kisiwa cha Chios, ndiyo usiseme. Uchungu ulioje kuvinunua kisha kuvizika chini ya harufu ya hamira! (Mastiha itwange pamoja na kijiko cha sukari, la sivyo itaganda kwenye kinu.)

Kunata nako si kosa. Bibi yako ataurarua mkate kwa mikono na kutazama kama unachanika nyuzi nyuzi, ndivyo Wagiriki wanavyoupima. Nyuzi hizo hutokana na unga wenye nguvu, ule wa mikate, uliokandwa sana ukiwa laini. Kila konzi ya unga unayoongeza inazikata.

Sasa mashine. Inakanda vizuri kuliko mikono yako na yangu, lakini kuoka tsoureki haiwezi. Saa yake imepangwa kiwandani. Ikifika dakika ya kuoka inaoka, kinyunya kiwe kimeumuka au hakijaumuka. Chombo chake ni kirefu na chembamba, kwa hiyo sukari ya pembeni inaungua wakati katikati bado kubichi. Hapo ndipo ulipopotelea mara zote mbili.

Tumia programu ya kukanda tu. Tia maziwa ya baridi, kwa maana msuguano wenyewe hupasha kinyunya joto, na siagi ikiyeyuka itachuruzika. Siagi iache nje kwanza. Baada ya dakika kumi za kukanda, iongeze kipande kimoja kimoja ikiwa laini. Programu ikiisha na kinyunya hakijawa maradufu, kiache humo humo kwenye uvuguvugu, hata saa mbili zaidi. Kisha kitoe, kigawe mara tatu, usuke kama unavyosuka nywele, uweke kwenye sinia na usubiri tena kivimbe. Paka yai, uoke kwenye oveni nyuzi 170 kwa nusu saa hivi. Juu kukiwahi kuiva, funika kwa foili.

Anza Alhamisi Kuu asubuhi, siku wanayopaka mayai rangi nyekundu, ili yai moja ulichomeke kwenye msuko.

Nawaambia na wengine mnaosoma, hata msiojua tsoureki ni nini. Ni kosa lilelile kwenye mahamri na kwenye kila mkate wa siagi na mayai. Wapo wanaosambaza mapishi ya "mkate mtamu kwa saa moja", na watu wanamwaga unga, mayai na pesa wakidhani mkono wao ni mbaya. Kabla ya kuyafuata, tazama kipimo cha hamira. Ukikuta vijiko vikubwa vitatu kwa nusu kilo ya unga, hiyo saa moja wameipata kwa kukuuzia mkate utakaokuwa mkavu kabla ya chai ya kesho asubuhi.