Jibu kwa aliyeuliza pa kujifunzia uwekezaji: kabla ya yote muulize huyo mzoefu analipwa na nani

Mkuu, swali lako nimeliona tangu jana. Umesema una akiba kidogo, unataka kujifunza kuwekeza kwa watu waliokaa kwenye hiyo kazi miaka mingi, na hujui ulipie ile kozi ya mtandaoni, utafute mshauri au ujisomee tu. Ntakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, mnisamehe litakuwa refu.

Mi nilianza vibaya. Mshauri wangu wa kwanza alikuwa na kila kitu, vyeti ukutani, suti, maneno laini, michoro ya rangi ambayo yote inapanda. Akaniuzia bima ya maisha iliyochanganywa na uwekezaji, unachangia kila mwezi, mkataba wa miaka 15. Mwaka wa pili nikakwama nikataka kutoka, ndo naambiwa ntarudishiwa chini ya nusu ya nilichoweka, kumbe michango ya mwanzo sehemu kubwa inaishia kwenye gharama na kamisheni ya aliyeniuzia. Na wala hakunidanganya, yote yaliandikwa kwenye mkataba ambao niliusaini bila kuusoma. Shida ni kwamba nilidhani nimekaa na mwalimu kumbe nimekaa na muuzaji, na lile swali jepesi kabisa, we unalipwa na nani, halikunijia kichwani hata siku moja.

Mwalimu nilikuja kumpata baadaye, mzee mmoja mstaafu aliyesimamia hela za mfuko wa pensheni kwa miaka mingi, nilimjua kupitia mwanae. Nikaenda kwake na karatasi yangu, majina ya kampuni saba, nategemea aniwekee tiki kwenye za kununua. Hata hakuipokea. Akaniuliza, "Hii hela utaihitaji lini?" Nikabaki naangalia dari. Akasema, "Nenda kalale nalo hilo, ukipata jibu urudi." Aisee niliondoka nimenuna. Wiki iliyofuata nikarudi nikamwambia sehemu kubwa ni ya kujengea, baada ya miaka miwili hivi. Akacheka, akasema basi hiyo mambo ya hisa usahau, soko linaweza kuporomoka mwezi ule ule fundi anadai hela yake, hiyo iweke kwenye amana ya benki au hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba) za muda mfupi, tuongelee hicho kinachobaki ambacho hutakigusa miaka 10 na zaidi.

Afu akatoa kikokotoo. Milioni 10, miaka 30, faida 8% kwa mwaka bila kuitoa: inagonga milioni 100 na kidogo. Akafuta, akapiga upya kwa 6%, yaani tuseme hela iko kwenye mfuko wa uwekezaji, ule wa watu wengi kuchanga na msimamizi kuwawekezea, faida ni ile ile ila msimamizi anakata ada ya 2% kila mwaka. Milioni 57 na ushee. Akanisukumia kile kikokotoo mezani akanyamaza. Mi siku zote 2% nilikuwa naiona chenji tu, mtu kakufanyia kazi acha ale chake, kumbe inakatwa kwenye hela ambayo nayo ingezaa, na uzao wake ungezaa. Siku hiyo nilielewa riba ya riba kuliko miaka yote niliyosomeshwa hesabu.

Ndo akanisimulia dau la Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, ambalo wengi mnalijua juu juu. Kuanzia 2008 mpaka mwisho wa 2017 Buffett alisimama na mfuko wa kawaida kabisa unaofuata indeksi ya S&P 500 (yaani unanunua tu hisa za kampuni kubwa kama 500 za Marekani, hakuna anayechagua), wenye ada ndogo, mpinzani wake akachagua vikapu vitano vya mifuko ile ya mabingwa wanaotoza ada nene. Ule wa indeksi ulipanda 125.8%. Kati ya vile vitano, kilichofanya vizuri zaidi kilipata 87.7% na cha mwisho 2.8%, kwa miaka 10 yote! Na waliokuwa wanavisimamia sio watu wa mchezo. Kwa hiyo mkuu, kujifunza kwa wazoefu ni jambo moja, kuwapa hela wakuchagulie ni jambo jingine kabisa.

Kitu kilichonifaa kuliko vyote ni daftari lake. Kila anachonunua anaandika tarehe, sababu, na kitu gani kikitokea atauza. Akanifungulia ukurasa wa Machi 2009, soko la Marekani lilikuwa limepoteza zaidi ya nusu tangu Oktoba 2007, na ye, na uzoefu wake wote, akauza hisa zake binafsi. Sababu aliyoandika ni neno moja: "Nimechoka." Soko liligusa chini mwezi huo huo likaanza kupanda. Anasema kwenye kazi za watu alikuwa na kamati ya kumzuia, kwenye hela yake hakuwa na mtu. Mi nadhani ukikutana na mzoefu asiye na ukurasa kama huo wa kukuonyesha, we kunywa maji yake uage.

Ila usije ukaona uzoefu peke yake unatosha. Bernard Madoff, Mmarekani aliyekuwa anawekezea watu hela, aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ, na mpaka anakamatwa Desemba 2008 alikuwa ametapeli watu wazima wenye akili zao, mabenki na mifuko humo humo. Faida alizoonyesha zilikuwa tulivu mno, wakati soko la kweli hupanda na kushuka, na hela za wateja zilikaa kwake mwenyewe, hakuna taasisi nyingine iliyozishika. Kwa hiyo hela inakaa kwa nani, nani anakagua, hayo uliza bila aibu, mtu wa kweli hakasiriki.

Namna ya kuwapata: usimfuate mtu na "ninunue nini", utamchosha. Soma kwanza ripoti ya mwaka ya kampuni moja, anza na maoni ya mkaguzi, afu yale maelezo ya hesabu ya nyuma ambayo hakuna anayeyasoma, huko ndo madeni yanakojificha, barua ya mwenyekiti weka mwisho. Ukishakwama mahali ndo umpelekee swali la hapo hapo. Mzee wangu simu hapokei, ila ukimwandikia kuhusu tanbihi namba 14 anajibu usiku huo huo.

Na hiyo kozi, kabla hujalipia waulize wao wenyewe hela zao wameweka wapi na mwaka wao mbaya zaidi walipoteza asilimia ngapi. Wakikutumia picha ya gari, ujue hujajibiwa. Ukipata majibu yao yaweke hapa tuyaone.